Jinsi ya Kuwa Mreno Kabla ya Kufika Kamukuywa

Kitale siku hizi kuna watu wanaozungusha glasi. Kama hujawaona, ni kwa sababu hujaalikwa. Mtu anamiminiwa mvinyo kidogo sana, kiasi ambacho ukimpa mgeni wa kawaida atauliza amekukosea nini, na bado hanywi. Anaishika glasi kwa mguu wake, anaizungusha, anaingiza pua, anafumba macho, kisha anatangaza kwamba amesikia harufu ya ngozi. Ngozi! Mtu aliyezaliwa Kiminini, akakua akichunga ng'ombe wa baba yake, leo amelipa shilingi 2,400 ili anuse ngozi.

Sisemi kwa wivu. Nami nazungusha. Nilianza siku shemeji yangu aliporudi kutoka Ureno, alikokwenda mafunzo ya wiki tatu akarudi na kofia, chupa mbili, na tabia ya kuanza kila sentensi kwa "sisi kule Lisbon". Tangu hapo nimejifunza mengi kwa gharama ya mfuko wangu, na nimeona si utu kuukalia ujuzi huu peke yangu. Basi huu ni mwongozo wa mkazi wa Trans Nzoia au Bungoma anayetaka kuwa Mreno, au Mhispania akipenda, bila pasipoti wala viza, na ikiwezekana kabla matatu haijafika Kamukuywa.

Anza na lugha, maana hapo una nafuu ambayo jirani yako anayejifunza Kifaransa hana. Kireno unakizungumza tangu utotoni. Unapokaa mezani, meza hiyo ni mesa. Ukishika kopo, ni copo. Mvinyo ni vinho. Wageni wakiwa wengi leta pipa, nalo ni pipa vile vile: kwenye bonde la mto Douro pipa la mvinyo huhesabiwa lita 550, na kwetu ni lile la plastiki la buluu linalokinga maji ya mvua kwenye pembe ya nyumba. Mama akijifunga leso amejifunga lenço. Padri wa parokia ni padre hata asipotaka. Huko pwani wanaocheza karata bado wanaziita kopa, uru, shupaza na pau, majina ya mabaharia wa Kireno, na mwenye turufu anapoipiga mezani anapiga trunfo juu ya mesa. Ni sentensi nzima hiyo, na hukulipa ada.

Tahadhari ni moja tu. Neno gereza limetokana na igreja, na igreja ni kanisa. Mwenyeji wako wa Lisbon akikuambia Jumapili asubuhi nyote mnakwenda igreja, usitoroke.

Kinywaji chenyewe kina majina matatu, na ni lazima ujue lipi ni la wapi. Divai ni ya Biblia na altare. Ukiiagiza baa watadhani unaanzisha dhehebu. Waini ni ya supamaketi, harusi na mikutano ya chama. Huwa nyekundu, tamu kama juisi, na hulewesha polepole kwa heshima. Mvinyo, jina lililotoka Ureno lenyewe, lilipata ajali njiani: kwenye magazeti na mahubiri limekuwa jina la pombe kali ya kila aina, kiasi kwamba ukimwambia mama mkwe unapenda mvinyo ataanza kufunga na kukuombea. Kwa hiyo mbele ya wakwe sema waini, mbele ya padri sema divai, na mbele ya wazungusha-glasi sema "Ah, Tempranillo," kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakoonyesha elimu. Tempranillo ni zabibu ya Uhispania ambayo Wareno wa Douro huiita Tinta Roriz na wale wa Alentejo huiita Aragonez. Nao majina yanawasumbua, usione haya.

Utaulizwa tofauti ya Mhispania na Mreno ni nini. Usijibu haraka, taja Fort Jesus. Ile ngome ya Mombasa tuliyofundishwa kuwa ya Wareno ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya Philip II, ambaye alikuwa mfalme wa Uhispania. Kuanzia 1580 hadi 1640 nchi hizo mbili zilikuwa chini ya taji moja. Mchoraji wa ramani, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mwitaliano. Mawe ni matumbawe ya Mombasa. Ukimaliza kueleza hayo, aliyeuliza atakuwa amesahau swali, na wewe utaongezewa mvinyo.

Sasa chupa. Soma lebo kwa sauti ya chini, kana kwamba ni barua yako. Tinto ni nyekundu. Seco ni kavu, na usiulize kitu cha maji kinakaukaje. Maana yake ni kwamba hakina utamu, na shangazi akikionja atauliza nani amesahau sukari, naye atakuwa amesema kweli tupu. Reserva kwenye mvinyo mwekundu wa Rioja maana yake umetunzwa angalau miaka 3 kabla ya kuuzwa, na mwaka mmoja kati ya hiyo ndani ya pipa la mwaloni. Gran reserva ni miaka 5, miwili ikiwa ya pipa. Busaa ikikaa wiki imekuwa siki, kwa hiyo tuwape heshima yao kwa uvumilivu. Vinho verde watu huutafsiri kuwa mvinyo wa kijani, wakaumwaga wakidhani wameuziwa bandia kwa sababu rangi haikuonekana. Kijani hapo ni uchanga. Ni mvinyo wa kunywewa mapema, kama mahindi yanavyochomwa kabla hayajakomaa.

Kufungua ndiko kuliniaibisha. Chupa yangu ya kwanza ilikuwa na kizibo cha gamba la mti, kama zilivyo chupa nyingi za huko. Karibu nusu ya gamba hilo la dunia nzima hutoka Ureno, huvuliwa kwenye mwaloni kila baada ya miaka 9, na mti wenyewe sheria hairuhusu kuukata ovyo. Hayo niliyajua kwa ufasaha. Nisichokuwa nacho ni kizibuo. Wageni wanne walikuwa sebuleni. Nilianza na kisu cha jikoni, kizibo kikaanza kumeguka makombo. Nikajaribu mpini wa kijiko. Mwishowe nikamwita fundi wa bodaboda wa jirani kwa mlango wa nyuma, akaja na msumari wa parafujo wa inchi tatu na koleo lenye grisi. Akaukaza msumari ndani ya kizibo, mimi nikiibana chupa katikati ya magoti kama mtu anayemkama mbuzi mkorofi, naye akavuta. Nusu ikatoka na mlio. Nusu ikaanguka ndani. Tukauchuja kwa kichujio cha chai, kile chenye rangi ya kahawia isiyotoka, na nilipowapelekea wageni nikawaambia kwamba kule Douro mvinyo wa zamani huchujwa hivyo ili kuondoa masimbi, jambo ambalo ni kweli. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akasema anasikia moshi. Ilikuwa grisi. Baadaye niligundua kwamba hata parafujo ni Kireno, parafuso, nikalala usingizi mzuri: kumbe hata aibu yangu ilikuwa halisi.

Kuhusu joto usijisumbue. Wajuzi watakuambia mvinyo utunzwe mahali pa baridi na giza, wakati duka unalonunulia limezipanga chupa dirishani, jua la saa nane linazipiga uso kwa uso, na nyingine zilisafiri kutoka Nairobi kwenye buti la matatu juu ya injini ya pampu. Hapo utamke neno moja: Madeira. Mvinyo wa kisiwa hicho ulikuwa ukipakiwa melini, ukivuka nchi za joto hadi India na kurudi, ukitokota ndani ya mapipa, na waliouonja ukirejea wakakuta umekuwa mtamu kuliko uliobaki nyumbani. Wakauita vinho da roda, mvinyo wa safari ya kwenda na kurudi. Siku hizi wanaupasha moto makusudi. Mgeni akilalamika kwamba wako umeungua, mtazame kwa huruma.

Na ukisimuliwa kwamba Wareno bado hukanyaga zabibu kwa miguu, wamejipanga safu ndani ya birika la mawe, wameshikana mabega, wakipiga hatua kwa mpigo mmoja hadi miguu ikawa zambarau mpaka mapajani, sikiliza kwa adabu. Kila aliyekulia kijijini Bungoma amekanyaga udongo wa kukandikia nyumba, ameshikana mabega na majirani, amechomwa na kokoto, akaimba. Ila sisi tulipomaliza tulipata nyumba.

Tuje kwenye chakula, maana hapo ndipo penye pesa.

Nenda soko la Kitale saa kumi na mbili jioni, simama mbele ya mama mboga anayekata sukuma. Tazama mikono yake. Anayapanga majani kumi, kumi na tano, anayaviringisha kama sigara ya jitu, anayabana kiganjani bila ubao, na kisu kinakwenda na kurudi karibu kabisa na kidole gumba bila kukigusa, huku yeye anamuuliza mteja mwingine kama ni ya ishirini au ya thelathini, na mtoto mgongoni anavuta hereni. Nyuzi zinazoanguka mfukoni ni nyembamba kama za sweta. Hiyo ndiyo kazi ya caldo verde, supu iliyotoka Minho, kaskazini mwa Ureno, ikawa ya taifa zima. Majani yao huitwa couve galega, ndugu wa toka nitoke wa sukuma wiki, nao hujivunia kuyakata membamba hivyo hivyo, kisha huyatosa kwenye viazi vilivyopondwa na vipande vya soseji ya nguruwe. Mama mboga hajui kwamba anafanya sanaa ya Minho kwa shilingi ishirini. Usimwambie, atapandisha.

Ugali je? Kusini mwa Ureno, Algarve, kuna xerém: unga wa mahindi unapikwa ukawa uji mzito, ukachanganywa na kome wa baharini. Kisiwani Madeira kuna milho frito: unga wa mahindi unapikwa ukashikana, unaachwa ukapoa, unakatwa vipande vya mraba, unakaangwa. Rudia kusoma. Ni kiporo. Ni ule ugali wa jana uliokaangiwa asubuhi, ukaula na chai ya rangi ukiomba Mungu wenzako wa darasani wasijue. Madeira unaletwa pembeni ya nyama na mtalii anaupiga picha.

Si ajabu, kwa sababu mahindi ni mzigo wa meli hizo hizo. Yalitoka Amerika, Wareno wakayashusha pwani yetu, na Waswahili wakayapa jina la Uhindi kwa kudhani kila kigeni kimetoka huko. Yalichukua muda mrefu kupanda huku juu. Wazee wa Kibukusu walikuwa watu wa wimbi na mtama, na hadi leo bibi mmoja au wawili watakuambia ugali mweupe haushibishi. Halafu Kitale ikafanya jambo ambalo ningependa lichorwe kwenye ukuta wa stendi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtafiti wa mahindi wa hapa, Harrison, alileta mbegu za Amerika ya Kilatini, mojawapo ikiitwa Ecuador 573. Ikapandanishwa na ya hapa, Kitale Synthetic II, na mwaka 1964 ikatoka Haibridi 611, mzazi wa ukoo wa mia sita ambao Kenya Seed, kampuni iliyozaliwa Kitale mwaka 1956, imewauzia wakulima miaka yote hii. Mtu wa Cherangani akitaja sita-moja-nne, anaitaja kama jina la mtoto wake. Sasa yule mzee anayegonga meza akiapa kwamba yeye hali vyakula vya kigeni, yeye ni ugali tu, ana nchi nzima inayozungumza Kihispania sahanini mwake na hajaipigia hata hodi.

Ukishajua hivyo, kazi iliyobaki ni kubadilisha majina. Kachumbari ukiisaga na kuiweka baridi, ukaongeza kitunguu saumu, siki na mafuta ya zeituni, ni gazpacho. Ukoko wa wali, ule watoto wanaougombania hadi sufuria linapinduka, Valencia wanauita socarrat, na mpishi wa paella asiyeupata huonekana hajafuzu. Kuku wa kuchoma aliyepakwa pilipili ni frango piri-piri. Hapo cheka kidogo, kwani pilipili yenyewe ilikuja na Wareno kutoka Amerika, na jina walilorudi nalo ni letu. Bacalhau ni samaki mkavu wa chumvi, anayelowekwa siku nzima na zaidi, maji yakibadilishwa, kabla ya kupikwa. Obambla wa soko la Bungoma atatosha ikiwa mgeni hajawahi kufika Norway anakovuliwa yule mwingine. Njugu karanga za Bungoma nazo asili yake ni Amerika Kusini, kwa hiyo zipange kwenye kisosi kidogo, ziite tapas, utoze mara tatu. Siri ya tapas yote iko kwenye udogo wa kisosi.

Jamón uiache. Nakusihi. Ule mguu wa nguruwe wa Kihispania hutiwa chumvi na kuning'inizwa hewani miezi mingi, mizuri zaidi hupita miaka mitatu, kwenye vyumba vya milimani vyenye upepo mkavu. Mimi niliuning'iniza stoo, Milimani, kwa kuwa nilidhani jina la mtaa lingetosha. Masika ya Kitale hayajui upepo mkavu. Siku ya sita jirani alikuja kuuliza kwa upole kama mbwa wetu ameonekana. Mbwa alionekana, alikuwa amelala chini ya mguu ule kwa siku nne bila kula kitu kingine, akiutazama kama mtu anayesubiri mshahara. Siku ya tisa mke wangu alitoa uamuzi, na mbwa akalipwa malimbikizo yake yote kwa mkupuo.

Saa za kula nazo zina mtego. Mhispania hukaa kula chakula cha jioni saa nne usiku, akiona ni mapema. Sheria ya vileo ya 2010, ile inayoitwa ya Mututho, inaifungua baa saa kumi na moja jioni siku za wiki na kuifunga saa tano usiku. Ukifuata desturi ya Madrid ndani ya Bungoma una saa moja ya starehe, kisha unamalizia tapas zako ndani ya Mariamu, gari la polisi. Afadhali ufanyie nyumbani. Na mkishakula msiondoke. Wahispania wana neno la kule kukaa mezani sahani zikiwa tupu, mkiongea habari zisizo na mwisho: sobremesa. Meza unaiona humo ndani. Sisi hatuna neno, lakini nawajua wazee wa Webuye ambao sobremesa yao ya Krismasi huingia Pasaka.

Usiku wa mwaka mpya Mhispania humeza zabibu 12, moja kwa kila mlio wa kengele ya saa sita. Zabibu za supamaketi zilikuwa na bei ya kukodisha shamba, nikatumia mapera. Kufika kengele ya nne watu walikuwa bado wanatafuna la kwanza. Tumia njugu.

Shemeji alipopendekeza tuanzishe mbio za mafahali kama za Pamplona, ambako kuanzia tarehe 7 hadi 14 Julai watu hukimbizwa na mafahali saa mbili asubuhi kwa mwendo usiofika kilomita moja, nilimwambia angoje Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, asimame kando ya barabara ya Chwele. Atawaona vijana wa embalu, tohara ya Kibukusu, kengele za chinyimba zikilia mikononi, umati ukiimba nyuma yao, kilomita baada ya kilomita, kuwaalika jamaa. Pamplona unamkimbia fahali. Hapa unamkimbilia, hadi kwa mjomba, na unarudi na kipande chake, luliki, kimevikwa shingoni. Shemeji hakuendelea na lile pendekezo; mwenyewe alikumbuka kilichofuata alfajiri yake.

Nusura nisahau fado, muziki wa huzuni wa Lisbon, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2011, mwaka ule ule ilipoiingiza Fort Jesus kwenye urithi wa dunia. Ukipigwa, watu hunyamaza na hata wahudumu huacha kubeba sahani. Ukitaka kujizoeza kunyamaza hivyo, hudhuria matanga ya mzee wa Kibukusu siku ya kumuse, wakati msemaji anapotembea na fimbo yake akisimulia tulikotoka. Ukikohoa hapo utatazamwa.

Mtihani wa mwisho nilijipa mwenyewe. Nilikwenda kumwona khocha, ndugu wa marehemu mama, ng'ambo ya Chwele, na nikabeba chupa ya Alentejo, glasi sita zilizofungwa kwenye gazeti, na safari hii kizibuo. Niliwakuta wazee sita wamekaa duara kuzunguka chungu cha pombe ya kamalwa. Kila mmoja na lusekhe lake, mrija mrefu kuliko mtu, ncha yake imesukwa kichujio kidogo kama kifuko cha ndege mfumaji, na mwingine unakopeshwa mgeni. Makhalange, unga wa kutengenezea pombe hiyo, yalikaangwa kwenye bati Jumatatu, kimea cha wimbi kikaingia, na sasa mke wa khocha alikuwa anapita na birika akiongeza maji ya moto chungu kikipungua. Kule Jerez, Uhispania, hufanya jambo la namna hiyo na mvinyo wao wa sherry: hutoa kidogo kwenye mapipa ya zamani, hujazia kutoka kwenye machanga, na safu haikaushwi kamwe. Nilimweleza khocha. Akasikiliza hadi mwisho.

Nikafungua chupa kwa mlio mzuri, nikamimina vidole viwili kwenye kila glasi, nikawagawia. Khocha aliiinua yake kwenye mwanga.

"Mpwa wangu, umeniletea ya kuonja au ya kunywa?"

"Ya kuonja, khocha. Kwanza unaizungusha."

Akaizungusha. Wote wakazungusha, kwa utiifu ule wa wazee wanaomhurumia mtoto. Mmoja akajaribu kuingiza lusekhe lake kwenye chupa moja kwa moja. Kichujio hakikupita shingoni. Mzee wa mwisho kwenye duara, fundi wa ngoma za zamani ambaye macho yake yamefifia, alinusa kwa muda mrefu kuliko wote.

"Ngozi," akasema.

Nilitaka kumkumbatia. Shemeji angekuwepo angelia.

"Ya ng'ombe," akaendelea. "Imelowekwa, haijawambwa. Siku ya pili hivi." Akanusa tena. "Dume."

Wakamaliza, wakanirudishia glasi, wakarudi kwenye mirija yao. Chupa mke wa khocha aliichukua ya kuwekea asali. Khocha alibaki na kizibo mkononi, akikibinya na kukiachia, kikirudi umbo lake, akikibinya tena. Kisha akainuka, akaenda taratibu hadi pembe ya nyumba, kwenye lile pipa la buluu ambalo bomba lake liling'oka Machi na tundu likazibwa kwa kitambaa. Akakitoa kitambaa, maji yakamrukia miguuni, akakisukuma kizibo kwa kiganja hadi kikazama nusu.

Akasimama akingoja. Halikuvuja.